Shubiri Moja Nyuma ya Mguu

Kituo cha Mifugo
12 Februari

Mdogo wangu Spana,

Barua hii imebebwa na dereva wa gari la chanjo, yule mwenye mwanya. Jibu lako mpe huyo huyo, anarudi huku kila baada ya wiki mbili. Simu usihangaike nayo. Mtandao wa huku haupatikani mpaka upande kilima, na kwa sasa sipandi kilima.

Masanduku uliyonifungia mwezi wa kumi na moja yanafanya kazi yake. Tangu uyafunge, sijavunja hata chupa moja ya chanjo. Unakumbuka zamani, boksi la barafu likiwa limefungwa kwa mpira juu ya keria, nilikuwa nafika kwa wafugaji nusu ya chupa zimeshakuwa vipande. Mkuu wa kituo amesema nikupe hongera. Nimekupa.

Sasa ombi. Pikipiki hii ina pedeli ya gia ya mbele peke yake, ya kunyanyua kwa vidole. Naomba unitengenezee ile ya kukanyaga pande mbili, mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, kama za pikipiki za abiria. Ofisi imetugawia mabuti ya mpira, ni manene, hayataki kuingia chini ya pedeli. Usije mwenyewe, safari ni ndefu. Nitumie tu, fundi wa hapa atafunga.

Mama mwambie likizo hii sitaweza kuja. Chanjo zimebanana.

Dada yako


Karakana
26 Februari

Dada,

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu, mpaka fundi wa siti hapa jirani akauliza kama nimepata mchumba. Wewe, uliyejifunza pikipiki ukiwa na ndala, leo umeshindwa na mabuti?

Haya, pedeli hiyo hapo kwenye boksi. Nimeitoa kwenye pikipiki chakavu ya aina yako, nikaichomelea mkono wa nyuma na kuuvalisha mpira ili kisigino kisiteleze. Huyo fundi wenu mwambie asiigonge kwa nyundo. Aiingize kwenye meno taratibu, na boliti aikaze mpaka ilie. Naona wivu kidogo, sikufichi. Pikipiki ile hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa.

Habari kubwa ni masanduku. Dada, yamenipa jina! Baada ya yako nimeshatoa seti kumi na moja. Amechukua msambaza dawa, amechukua mpiga picha wa harusi ambaye husafiri na mkewe nyuma, amechukua mwalimu wa hesabu ambaye shule ikifungwa tu anaingia barabarani kuzunguka. Huyo mwalimu nimempamba pikipiki utadhani bibi harusi: kioo cha kuzuia upepo, vikinga mikono, taa mbili za ukungu, siti imepanuliwa, na masanduku kila upande. Alipoondoka hapa watu walisimama kumtazama.

Nje nimeweka ubao: MASANDUKU YALIYOJARIBIWA PORINI. Aliyejaribu ni wewe, kwa hiyo jiandae kuwa maarufu.

Mama mzima. Ananung'unika, lakini mzima.

Mdogo wako,
Spana


Kituo cha Mifugo
15 Machi

Spana,

Pedeli imekaa vizuri. Ahsante. Umeichomelea kwa mkono safi, hata fundi wa hapa ameisifu, na huyo huwa hasifu kitu.

Nakutumia siti yangu ndani ya gunia. Naomba umpe jirani yako apunguze sponji vidole vinne. Najua utasema nitaumia mgongo. Acha niumie. Pia nichomelee bamba pana la kuweka chini ya stendi ya pembeni. Ardhi ya huku ni laini, pikipiki inanilalia.

Nina swali. Hizo seti kumi na moja umezifunga kama yangu, karibu na mguu vile vile? Hukufikiria kuzirudisha nyuma kidogo?

Dada yako


Karakana
2 Aprili

Dada,

Siti imepungua vidole vinne kama ulivyotaka. Fundi wa siti ameikata huku akisikitika, anasema ameharibu kazi nzuri. Bamba la stendi liko kwenye kitambaa cha bluu.

Kuhusu swali lako. Uzito ukikaa nyuma, mkia unakuwa mzito na pikipiki inaanza kuyumba ukifika mwendo. Ndiyo maana nayasogeza mbele. Nimeyafikiria hayo, Dada. Mimi sikufundishi kudunga ng'ombe sindano, au siyo?

Lakini na mimi nina swali. Pedeli, halafu siti, halafu stendi, na mimi nakatazwa kuja. Mama amekaa kitako akayaunganisha hayo yote, akaniambia, "Dada yako ni mjamzito, anaficha." Ameshaanza kuhesabu miezi. Kama ni kweli sema, nianze kutengeneza kiti cha mtoto.

Karakana kazi ni nyingi, ila na maneno hayakosi. Yule mwalimu wa hesabu alianguka kwenye mchanga. Juzi amekuja na shemeji yake, analalamika mbele ya wateja kwamba sanduku limemkamata mguu. Dada, nilichemka. Nikamwambia: "Dada yangu yuko porini mwezi wa tano huu na masanduku ya vipimo hivyo hivyo, anapita mchanga ambao wewe hujawahi kuuona, na hana hata mkwaruzo. Kushika usukani si kushika chaki." Watu walicheka mpaka fundi wa siti akaangusha mkasi. Mwalimu mwenyewe akamshika shemeji yake bega. Akaondoka.

Ulinisaidia sana siku hiyo bila kujua.

Spana


Kituo cha Mifugo
14 Aprili

Spana,

Si mjamzito. Mwambie mama aache kuhesabu.

Huyo mwalimu ameumia kiasi gani? Nijibu hilo tu.

Dada yako


Karakana
29 Aprili

Dada,

Mwalimu achana naye, atapona. Watu huanguka, ndiyo pikipiki. Nimekuwekea mikono ya usukani mipya, ya mpira laini, haichoshi viganja safari ndefu. Sikukutoza. Msambaza dawa ameniletea rafiki yake, anataka seti kubwa zaidi. Mambo yanaenda.

Mbona barua zako zimekuwa fupi kama risiti?

Spana


Nyumbani kwa Mwalimu
8 Mei

Dada mheshimiwa,

Hunifahamu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mteja wa mdogo wako. Anwani yako niliiona pale karakana, kwenye gunia lenye siti, mwishoni mwa mwezi wa tatu. Sikuwa na karatasi, nikaiandika kwenye plasta ya mguu wangu. Tafadhali usione nimekuvamia.

Siandiki kumshtaki mtu. Nina jambo nataka kujifunza.

Nilikuwa naenda polepole, mwendo wa baiskeli. Njia ikawa ya mchanga, gurudumu la mbele likazama, nikateremsha mguu wa kushoto kujizuia. Mguu ulikita chini, pikipiki ikaendelea mbele, na pembe ya sanduku ikaufuata mguu kwa nyuma na kuukunja chini yake. Mifupa yote miwili ilivunjika. Hii ni wiki ya saba niko kwenye plasta. Darasa langu linafundishwa na mwalimu wa michezo.

Nilipokwenda kumweleza fundi, alinijibu mbele ya watu kwamba wewe una miezi na masanduku yale yale, kwenye mchanga mbaya kuliko wangu, na hujapata hata mkwaruzo. Walicheka, nami nikaondoka, maana kama ni kweli, basi kosa ni langu. Nimezoea kuwaambia wanafunzi kwamba kosa lina mahali pake, ukilitafuta kwa utulivu utaliona. Langu nimelitafuta wiki hizi zote sijaliona.

Naomba unieleze: wewe ukizama kwenye mchanga unashushaje mguu? Unautanua? Unauinua kabla? Mke wangu ameapa kwamba sitapanda tena. Ningependa siku moja nimjibu kwa hoja.

Wako kwa heshima,
Mwalimu


Kituo cha Mifugo
13 Mei

Mdogo wangu,

Funga karakana kwanza, ndipo usome.

Mwalimu ameniandikia. Mguu wake umevunjika mifupa miwili. Wewe uliuona una plasta, ukaniandikia "atapona".

Sasa sikiliza yangu. Tarehe kumi na tisa Januari nilikuwa natoka kuchanja kwenye mazizi ya ng'ambo ya korongo. Pale chini kuna mchanga. Gurudumu likazama, nikashusha mguu wa kushoto, na sanduku lako likafanya kile kile lilichomfanyia Mwalimu. Mfupa wangu haukuvunjika. Daktari alisema ungevunjika ingekuwa afadhali. Pembe ilikandamiza mshipa wa fahamu unaopita pembeni, chini ya goti. Tangu siku hiyo unyayo wangu hauinuki. Nikitembea unaning'inia, na lazima ninyanyue goti juu kama mtu anayevuka matope. Ndani ya buti la mpira kuna bamba la plastiki linaloushikilia. Ofisi haikugawa mabuti. Niliyanunua mwenyewe ili bamba lisionekane.

Sasa pedeli utaielewa. Siwezi kunyanyua gia kwa vidole, ila kisigino bado kinakanyaga. Siti niliishusha ili mguu huu ufike chini bila kutafuta. Stendi, kwa sababu pikipiki ikilalia upande wa kushoto siwezi kuizuia. Fundi wa hapa anajua. Kituoni hakuna anayejua. Wakijua watachukua pikipiki.

Rudia barua zangu zote, hutakuta uongo zaidi ya huo wa mabuti. Chupa kweli hazikuvunjika, ardhi kweli ni laini. Nilichagua yale ya kweli nikakuachia uelewe unavyotaka. Nilidhani nanyamaza kwa ajili yako. Ulikuwa umefurahi mno na yale masanduku, tangu baba afariki sikuwahi kukuona umefurahia kazi hivyo. Kumbe kimya changu ulikichukua ukakifanya ushahidi, ukampiga nacho mtu aliyevunjika mguu.

Nimemjibu Mwalimu leo. Nimemwambia anavyoshusha mguu ndivyo ninavyoshusha mimi, na ndivyo anavyoshusha kila mtu.

Zimebaki seti kumi barabarani. Zitafute.

Dada yako


Kituo cha Mifugo
10 Juni

Spana,

Dereva ameshakuja mara mbili mikono mitupu. Anasema barua alikukabidhi mkononi, na kwamba mara ya pili ulimwona ukaingia ndani.

Sikuombi uniambie neno zuri. Niambie tu kama umewapata wale watu.

Dada


Karakana
24 Juni

Dada,

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, sentensi ya kwanza ilikuwa ya kukulaumu. Nimechana karatasi nyingi. Moja ilisema umenifanya mwongo bila mimi kujua. Nyingine ilisema kama ungeniambia Januari, Mwalimu angekuwa darasani. Hiyo ya pili sikuichana haraka. Bado naiamini kidogo. Lakini najua pia kwamba niliiona plasta kwa macho yangu, na hilo hukunificha wewe.

Ubao nimeushusha siku ile ile.

Watu nimewatafuta. Wanane nimewapata na masanduku yao yapo hapa karakana, yamerundikwa ukutani. Wawili walidai nimechanganyikiwa, nikawaonyesha barua yako, wakafungua wenyewe. Mmoja aliuza pikipiki, aliyenunua hajulikani. Na yule mpiga picha wa harusi yuko safarini, yeye na mkewe, simu yake haipatikani. Kwao wanasema atarudi akirudi. Nikisikia pikipiki kubwa inapita barabarani, natoka nje.

Kwa Mwalimu nilikwenda Jumapili. Mkewe alifungua mlango akaniangalia juu mpaka chini. "Umekuja kumalizia kicheko?" Nikasema nimekuja kuomba radhi. Aliniacha mlangoni muda mrefu kabla hajanipisha. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, anasahihisha madaftari. Nikamwambia yote. Nikamwambia kosa ni langu, nilipima vibaya.

Akaweka kalamu chini. Akauliza, "Hapa tuko wangapi?"

"Watatu."

"Na siku ile pale karakana?"

Nikahesabu. "Nane. Pengine tisa."

"Basi hesabu hii haijalingana, fundi."

Akarudi kwenye madaftari yake. Nilielewa.

Jumamosi iliyofuata niliwaita wote ninaowakumbuka: fundi wa siti, msambaza dawa na rafiki yake, mama wa duka la vipuri, na wengine. Mwalimu akaja na magongo. Nilidhani nitaongea vizuri, unajua mdomo wangu, lakini nilisema hivi tu: "Mguu wa Mwalimu umevunjwa na sanduku langu. Mguu wa dada yangu umeharibiwa na sanduku hilo hilo. Siku ile nilimcheka. Nilikuwa najisifia kitu nisichokijua." Hapakuwa na aliyecheka. Fundi wa siti alikuwa anatazama chini tu, maana yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Mwalimu akauliza, "Kwa hiyo linatakiwa likae umbali gani?" Nikasema sijui. Ni kweli sikujua, Dada, nilikuwa napima kwa jicho. Akaomba tumkalishe juu ya pikipiki, akateremsha mguu wake mzima, mimi nikaisukuma pikipiki mbele kidogo kidogo mpaka pembe ikamgusa. Akatoa rula mfukoni. Shubiri moja. Shubiri moja nyuma na miguu miwili ingekuwa mizima. Nilisema mkia utakuwa mzito. Akasema, "Basi punguza mzigo."

Kwa sasa natengeneza mifuko ya turubai, fundi wa siti anashona. Haina pembe.

Mama nimemwambia. Alilia, halafu akanigombeza, halafu akakugombeza wewe ingawa hukuwepo. Mwisho wa mwezi ujao nataka kuja. Nataka nikupeleke hospitali kubwa wakuangalie huo mshipa. Kama hutaki nije, sema.

Nisamehe, Dada.

Spana


Kituo cha Mifugo
8 Julai

Spana,

Nilimwambia mkuu wa kituo jana. Aliutazama mguu wangu, akasema, "Nilidhani unaringa, kumbe unachechemea." Tukacheka wote wawili, halafu akanipa fomu ya kukabidhi pikipiki. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa stoo, naandika chupa zinazoingia na zinazotoka. Atakayechukua mazizi yangu ni kijana mrefu, mguu wake utafika chini bila shida. Nimemwonyesha njia ya kuzunguka lile korongo. Masanduku nimeyafungua mwenyewe.

Jambo moja sikulisema kwenye ile barua ndefu. Niliandika kwamba nilinyamaza kwa ajili yako, na ulipoisoma bila shaka uliona una dada mwema. Siyo hivyo tu. Siku ile ulipomaliza kuyafunga, nilisimama juu ya pikipiki nikakuambia kisigino changu kinagusa sanduku. Ulinijibu, "Wewe tibu ng'ombe, chuma niachie mimi." Pengine umesahau. Mimi nimelala na maneno hayo tangu Januari. Ningekuwa na huruma peke yake, ningekuandikia wiki ile ile. Nilikuwa na hasira, na nilijua nikianza sitaishia kwenye mguu. Barua zako za kujisifu nilikuwa nazisoma nikisema moyoni, endelea, siku utakapojua utaona aibu zaidi. Nilikuwa naisubiri siku hiyo. Wakati naisubiri, Mwalimu akapita kwenye mchanga.

Hilo nimemwandikia na yeye. Hajajibu, na sijui kama atajibu.

Mpiga picha akirudi nijulishe siku hiyo hiyo, hata kama ni habari mbaya. Nitakuwa napanda kilima kila Jumamosi saa nne asubuhi, polepole, nitawasha simu.

Hospitali nitakwenda. Daktari wa hapa hanipi matumaini makubwa, lakini nitakwenda.

Njoo mwisho wa mwezi. Hasira bado ipo. Kitanda cha wageni nacho kipo.

Dada yako